Tiketi za Vatican na Colosseum: zikatwe wapi, lini na kwa majina gani

Swali

Shikamoo mama. Nina duka la vitambaa hapa Morogoro. Oktoba hii parokia yetu inakwenda hija Roma, nami nakwenda na mume wangu na watoto wetu wawili: binti wa miaka 13 anayemaliza darasa la saba, na mdogo wake wa miaka 8. Kundi litarudi nyumbani Alhamisi tarehe 29, lakini sisi tumeomba tubaki siku tatu, yaani Ijumaa tarehe 30, Jumamosi tarehe 31 na Dominika tarehe 1 Novemba. Tunataka kuona Makumbusho ya Vatican na Colosseum, ule uwanja wa kale wa Warumi, na mengine tutakayoyaweza. Nimeingia mtandaoni nikachanganyikiwa. Colosseum ni ileile moja, lakini tovuti hii inasema yuro 18, ile inasema 59, nyingine 85, na zote zinaahidi kwamba hatutapanga foleni. Jirani yangu wa dukani aliwahi kufika huko, ananiambia nisihangaike, nikanunue mlangoni. Ninunue wapi, lini, na je, nisubiri visa kwanza?

Jibu

Marahaba, mwanangu, na hongereni kwa safari. Nimesindikiza mahujaji kwenda Roma kwa miaka kumi na minne sasa, na hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko hata la visa. Nitakujibu kwa urefu, maana kosa la tiketi huwa halijitokezi mpaka mmeshafika langoni, watoto wamechoka, na walio nyuma yenu wanataka mpishe.

Kabla hujatoa hata senti, chukua ratiba ya parokia uisome mstari kwa mstari. Safari nyingi za hija huwapeleka watu Basilika ya Mtakatifu Petro, ambako kuingia ni bure, na watu wakarudi nyumbani wakiamini kwamba ndiyo Vatican yote wameiona. Makumbusho ya Vatican ni mahali pengine. Lango lake liko upande wa kaskazini wa ukuta, mwendo wa robo saa hivi kwa miguu kutoka Uwanja wa Mtakatifu Petro, na Kikanisa cha Sistina, kile chenye michoro maarufu ya Michelangelo, kiko humo ndani. Hakuna tiketi ya Kikanisa cha Sistina peke yake. Anayekuuzia hiyo anakuuzia tiketi ya Makumbusho, ila kaiita jina lingine. Kwa hiyo muulize kiongozi wa msafara swali lililonyooka: "Je, Makumbusho yamo kwenye gharama yetu, au ni Basilika tu?" Kama yamo, Ijumaa yenu imebaki wazi na umeokoa pesa nyingi.

Sasa nieleze zile bei tatu. Colosseum hairuhusu watu zaidi ya 3,000 kuwa ndani kwa wakati mmoja, kwa hiyo kila tiketi imefungwa kwenye saa yake ya kuingia. Kinachoadimika Roma ni hizo saa. Mwenye tiketi ya yuro 18 na mwenye ya 59 wanaweza kupita lango lilelile, dakika ileile, wakasimama mbele ya mawe yaleyale. Ile 18 ni bei ya wenye Colosseum wenyewe, na inakupa Colosseum pamoja na magofu ya Foro Romano na kilima cha Palatino vilivyo jirani, kwa muda wa saa 24. Ile 59, kwa kawaida, ni tiketi hiyohiyo pamoja na mwongoza watalii na faida ya wakala. Ile 85 huenda ina usafiri pia, au ina sehemu ya chini ya ardhi walikokuwa wakikaa wanyama na wapiganaji kabla ya kupandishwa uwanjani. Mwongoza watalii mzuri anastahili kulipwa, sina neno na hilo. Ninachokuomba ni ujue unalipia nini.

Na hiyo ahadi ya kutopanga foleni, isikutie haraka. Zamani palikuwa na foleni mbili, ya kukata tiketi na ya ukaguzi wa usalama. Ya kwanza imekwisha nguvu kwa sababu karibu kila mtu anakuja na tiketi aliyoikata mtandaoni. Ya pili ni ya wote: mabegi yanapita kwenye mashine, na hakuna wakala anayeweza kukuuzia njia ya kuikwepa. Kwa hiyo tiketi ya kawaida kabisa, ya yuro 18, tayari imekuondoa kwenye foleni ambayo wale wengine wanajisifu kukuondoa.

Pengine utajiuliza: kama tiketi ya bei rasmi ipo, mbona mawakala wote hawa wanapata wateja? Kwa sababu kwa miaka mingi tiketi za bei rasmi zilikuwa zinayeyuka. Watu walikuwa wakifungua tovuti wanakuta hakuna hata moja, huku mawakala wanazo tele kwa bei ya juu. Mamlaka ya ushindani ya Italia ilichunguza jambo hilo, na Aprili 2025 ikatoza faini ya jumla ya karibu yuro milioni 20 kwa kampuni iliyokuwa imepewa kazi ya kuuza tiketi rasmi na mawakala sita wa utalii. Ilibainika kwamba programu za kompyuta zilitumika kuzoa tiketi kwa wingi, na kwamba aliyepaswa kuzuia hakuzuia vya kutosha. Sikuambii haya ili uwaogope mawakala wote. Nakuambia kwa sababu nimewaona akina mama waliojinyima kwa miaka wakilipa mara tatu, kisha wakajilaumu kwamba hawajui mambo ya mtandao, wakati tatizo halikuwa kutojua kwao.

Tuje kwenye mahali pa kununua. Tovuti ya Colosseum ni ticketing.colosseo.it. Ya Makumbusho ya Vatican ni tickets.museivaticani.va. Iandike anwani mwenyewe kwa mkono, herufi kwa herufi, usiitafute kwa kuuliza "tiketi za Vatican", kwa sababu yale majibu ya juu kabisa unayoletewa mara nyingi ni matangazo ya kulipia, na baadhi yametengenezwa yafanane sana na tovuti yenyewe, rangi na nembo. Kwa Vatican una kipimo kizuri sana: herufi za mwisho, .va, ni za Dola ya Vatican. Ukiona anwani yenye maneno Vatican, Museums na tickets yote kwa pamoja lakini inaishia na .com, hapo uko kwa wakala.

Jirani yako wa dukani usimsikilize kwa hili, ingawa najua anakutakia mema. Pengine alikwenda enzi ambazo mtu alifika, akapanga mstari, akanunua. Siku hizi kwenda mlangoni mikono mitupu mwishoni mwa Oktoba ni kujitoa kwa wale vijana wanaozunguka nje ya kituo cha treni cha Colosseo na vipeperushi mkononi, ambao watakuambia tiketi zote zimekwisha isipokuwa zao.

Tarehe. Makumbusho ya Vatican hufungua mauzo siku 60 kabla, Colosseum siku 30 kabla. Ningekuwa wewe ningeweka Vatican Ijumaa tarehe 30 na Colosseum Jumamosi tarehe 31. Hesabu inakupeleka hivi: tiketi za Vatican za Ijumaa zitaonekana tarehe 31 Agosti, na za Colosseum za Jumamosi zitaonekana tarehe 1 Oktoba. Weka kengele kwenye simu kwa siku hizo mbili, na ukae nazo asubuhi kabla hujafungua duka. Saa za asubuhi ndizo zinazokwisha mwanzo. Sababu ya kuanza na Vatican ni kwamba Jumamosi watu wa Italia nao wanatoka mapumziko ya mwisho wa juma, na kile kijia chembamba kinachoelekea Kikanisa cha Sistina kinajaa mpaka mtoto wa miaka 8 haoni chochote isipokuwa migongo. Colosseum ni uwanja mpana ulio wazi juu, mnaweza kupumua hata siku ya wengi.

Kuna jambo la kalenda ambalo huwapiga chenga wengi. Dominika ya tarehe 25 Oktoba Italia wanarudisha saa zao nyuma kwa saa moja. Siku utakayonunua, Roma itakuwa nyuma ya Morogoro kwa saa moja. Siku mtakazobaki wenyewe, itakuwa nyuma kwa saa mbili, na jua litakuwa linazama mapema, kama saa kumi na moja jioni. Kuanzia siku hiyo ya kurudisha saa, Colosseum hufungwa saa kumi na nusu alasiri, na wa mwisho kuingia ni saa tisa na nusu. Tiketi ya mchana inawanyima muda wa Foro Romano, kwa hiyo tafuta ya saa tatu au saa nne asubuhi.

Na hapo pa saa, nakuomba sana, soma namba kwa utulivu. Tiketi ikisema 09:00 ni saa tatu yetu. Ikisema 15:00 ni saa tisa alasiri. Nimewahi kuwa na baba mmoja, mtu makini kabisa, mhasibu, aliyeandika kwenye daftari "saa tisa" kwa tiketi ya 09:00, akaja na familia yake yote wameshashiba chakula cha mchana. Siku hizi kwenye karatasi za kundi langu naandika saa kwa namna zote mbili, sentensi moja chini ya nyingine.

Sasa majina. Hapa ndipo ninapotaka unisikilize kuliko mahali pengine popote. Tangu Oktoba 2023 tiketi ya Colosseum ina jina la mtu, na langoni wanaweza kulilinganisha na pasi yako ya kusafiria. Muda mfupi baada ya utaratibu huo kuanza nilikuwa na kundi la akina mama, na nilikusanya majina kwenye kundi letu la WhatsApp. Kila mmoja aliandika jina analojulikana nalo. Mmoja aliandika jina la mwanawe wa kwanza, Mama fulani, kama anavyoitwa kwenye jumuiya yake. Mwingine aliandika jina la ubatizo na la mume, wakati pasi ina jina la baba yake. Mimi nikayanakili vilevile. Langoni wawili walizuiwa, na mlinzi alikuwa akifuata utaratibu wake, simlaumu. Kosa lilikuwa langu mimi niliyepaswa kuomba picha za pasi. Mmoja wao, mzee wa miaka 68, alikaa nje kwenye kivuli cha Tao la Konstantino akitusubiri, na tulipotoka alituuliza ndani kukoje. Tangu siku ile siandiki jina lolote bila pasi kuwa mbele yangu.

Kwa hiyo kaa na pasi zote nne mezani. Ukiona neno "nome" ni jina lako la kwanza kama lilivyo kwenye pasi, na "cognome" ni jina la ukoo. Andika hata ya watoto. Siku ya kwenda, bebeni pasi zenyewe, siyo picha kwenye simu.

Watoto Colosseum hawalipi kiingilio kwa kuwa wako chini ya miaka 18, lakini ni lazima nao wawe na tiketi yao, ya saa ileile na ninyi. Wazazi wengi wanaona neno "bure" wanadhani mtoto atapita tu ameshikwa mkono. Hapiti. Mnapochagua tiketi mbili za watu wazima, hapohapo chagua na mbili za watoto, kwenye ununuzi uleule, kwa sababu ukirudi baada ya dakika kumi saa ile inaweza kuwa imejaa.

Vatican hesabu yake ni tofauti. Mtu mzima ni yuro 20, na mtoto wa kuanzia miaka 7 hadi 18 ni yuro 8, kisha kila tiketi inaongezwa yuro 5 ya kuweka nafasi mtandaoni. Wewe na mume wako ni 50, watoto wawili ni 26, jumla 76. Colosseum ni 36 kwa ninyi wawili. Safari yote ya tiketi kubwa kwa familia nzima ni yuro 112. Linganisha na ile bei ya 59: ikihesabiwa kwa kichwa, watu wanne ni yuro 236 kwa Colosseum peke yake, tena wakala akiwa amewatoza watoto ambao kwa kiingilio hawadaiwi kitu. Siku ya kununua itazame bei tena, maana hupandishwa mara kwa mara.

Kuhusu visa, jibu langu ni kwamba visa ndiyo inayotangulia, lakini usiisubirie huku umekaa. Maombi ya visa ya Schengen, ndiyo visa ya kuingia Italia na nchi nyingine nyingi za Ulaya, yanapokelewa hadi miezi sita kabla ya safari, na kwa kawaida majibu huchukua siku 15, wakati mwingine zaidi sana. Pelekeni maombi mapema kiasi cha kupata majibu kabla ya tarehe 31 Agosti. Tiketi za sehemu hizi mbili ukishanunua hela hairudi, kwa hiyo yuro 76 za Vatican nisingezitoa nikiwa sina visa mkononi. Na mtu akikuambia ubalozi unataka kuona tiketi za Colosseum ndipo wakupe visa, huyo anakuuzia tiketi. Wanachotaka ni vitu kama bima ya safari isiyopungua yuro 30,000, tiketi za ndege, mahali pa kulala na uthibitisho wa fedha. Hizo siku tatu za ziada zionekane kwenye maombi, na hoteli ya siku hizo iwepo, kwa sababu barua ya parokia itataja kurudi tarehe 29.

Malipo ndiyo yanayowakwamisha Watanzania wengi, na wanadhani tovuti ndiyo mbovu. Kadi ya benki yenye nembo ya Visa au Mastercard inafanya kazi, lakini kadi nyingi za benki zetu huja zikiwa zimefungiwa manunuzi ya mtandaoni ya nje ya nchi. Pita benki wiki moja kabla, waombe wakufungulie, na uulize kikomo cha siku ni kiasi gani. Hata kadi ya mtandaoni ya M-Pesa yenye nembo ya Visa nimeitumia ikakubali. Weka salio la ziada kidogo, kwa kuwa benki hubadilisha yuro kwa kiwango chake na kukata ada yake. Ukishabonyeza kulipa, utatumiwa namba ya uthibitisho kwa ujumbe mfupi kwenye laini uliyosajili benki. Laini hiyo iwe ndani ya simu iliyo mkononi mwako, na pawe na mtandao, kwa sababu tiketi ulizoziweka kwenye kikapu zina dakika zake chache; zikipita, zinarudi kwa watu wengine. Ndiyo maana nasema jaribu kadi mapema kwa kununua kitu kidogo chochote mtandaoni. Usiifanye tarehe 1 Oktoba kuwa siku ya majaribio.

Ukifanikiwa utapata barua pepe yenye tiketi na msimbo wa kusomwa langoni. Chapisha nakala mbili, moja ikae kwako na nyingine kwa mume wako, na upige picha ya skrini iliyo wazi. Mkiwa Roma huenda laini zenu hazina bando, na mbele ya lango si mahali pa kuanza kutafuta barua pepe.

Je, ikitokea umefungua tovuti ya Colosseum na Jumamosi yote imejaa? Kwanza usihamaki. Angalia tena jioni, na kesho yake, kwa sababu kikapu cha mtu kikivunjika tiketi hurudi. Angalia pia Ijumaa alasiri. Kisha tazama tovuti hiyohiyo upande wa ziara zenye mwongozaji wao wenyewe, ambazo zinazidi bei kidogo tu. Wakala aje mwisho, na ukimfikia yeye, soma kama bei yake inajumuisha kiingilio, na saa ya kuingia iwe imeandikwa wazi. Wengine wanaandika "ziara ya Colosseum" kumbe ni kuzunguka nje mkielezwa historia. Na uwe macho na tiketi inayoitwa Forum Pass SUPER. Ni tiketi halali kabisa, ya haohao wenye mahali, bei yake inakaribiana na ile nyingine, lakini inakuingiza Foro Romano, Palatino na magofu mengine ya jirani tu. Colosseum haimo. Kila mwaka nakutana na mtu aliyeinunua kwa kudhani amebahatika kuikuta ikiwa imebaki.

Tiketi ya mtu mwingine asiyesafiri usinunue, hata akiwa ni mwanakwaya mwenzako. Jina lake si lako.

Utaona pia watu wanakusifia Roma Pass, kadi ya siku mbili au tatu yenye usafiri wa jiji na makumbusho kadhaa. Kwenu ninyi haina faida: Vatican haimo, Colosseum bado mtatakiwa kuweka nafasi ya saa, na watoto wenu tayari sehemu nyingi wanaingia bure.

Tukiongelea bure, kuna mitego miwili ya Dominika. Ya tarehe 25, ambayo mtakuwa bado na kundi, ni Dominika ya mwisho wa mwezi, na Makumbusho ya Vatican huwa hayatozi kiingilio siku hiyo. Huenda mtu kwenye kundi akapendekeza mwende. Mimi sipeleki watu. Mlango unafungwa kwa wanaoingia saa sita na nusu mchana, foleni inaanza alfajiri kuzunguka ukuta, na mkifika ndani mnasukumwa tu. Ya tarehe 1 Novemba ni Dominika ya kwanza ya mwezi, na Colosseum nayo huwa bure, bila kuweka nafasi mapema, na matokeo ni yaleyale. Tena tarehe hiyo Makumbusho ya Vatican yamefungwa, kwa kuwa ni Dominika na ni Sikukuu ya Watakatifu Wote. Ndiyo maana sikuacha kitu chochote cha tiketi kwa siku yenu ya mwisho.

Jumatano ya tarehe 28, kama Papa Leo XIV yupo Roma, kundi lenu bila shaka litakwenda kwenye katekesi yake. Tiketi zake hutolewa na ofisi ya Nyumba ya Kipapa na haziuzwi kamwe, hata kwa yuro moja. Padri wenu anaweza kuziomba kwa barua kwa niaba ya kundi zima. Basilika ya Mtakatifu Petro nayo ni bure. Mnachovumilia ni foleni ya ukaguzi, na mabega na magoti yafunikwe, baba na watoto pia. Kupanda kwenye kuba, lile paa la duara, ndiko kunakolipiwa.

Ukiwa na tiketi mbili tu zenye saa, kila moja asubuhi yake, utashangaa jinsi siku zinavyofunguka. Ijumaa mkitoka Makumbusho mtakuwa mmechoka miguu, na mimi ningewapeleka Basilika ya Bikira Maria Mkuu alasiri, alikozikwa Papa Fransisko Aprili 2025. Kaburi lake lina neno moja tu, Franciscus, na watu wanasimama kimya. Jumamosi, kutoka Colosseum na Foro Romano, kuna kanisa la San Pietro in Vincoli, mwendo wa dakika kumi hivi kupanda kilima. Humo mna minyororo inayoheshimiwa kama ile aliyofungwa Mtakatifu Petro, na sanamu ya Musa ya Michelangelo ambayo ingekuwa kwenye makumbusho watu wangelipa ghali kuiona. Kuingia ni bure. Binti yako wa miaka 13 atakaa nayo kuliko unavyodhani. Nimewaona vijana wa umri wake waliochoshwa na magofu wakizinduka pale, kwa sababu yule Musa anaonekana kama yuko karibu kusimama.

Pantheon ilianza kutoza yuro 5 Julai 2023, watoto bure. Ni kanisa, kwa hiyo anayekwenda kusali Misa ya Jumamosi jioni au Dominika hatozwi. Chemchemi ya Trevi, tangu Februari 2026, wageni wanalipa yuro 2 kushuka hadi ukingoni mwa maji. Ukisimama juu kidogo uwanjani unaiona yote, na hapo hakuna malipo. Mkitaka sanamu za mchongaji Bernini katika makumbusho ya Galleria Borghese, huko bila kuweka nafasi hamwingii kabisa, na mkishaingia mnapewa saa mbili. Kwa familia yenye mtoto wa miaka 8 ningeiacha kwa safari nyingine.

Jumamosi asubuhi msibebe begi kubwa la mgongoni. Colosseum hawalipokei, na pale hakuna pa kuliacha. Chupa ya kioo pia hairuhusiwi. Bebeni ya plastiki au ya chuma, kwani mjini kote kuna mabomba ya maji ya kunywa yanayotiririka barabarani. Fikeni nusu saa kabla ya saa iliyoandikwa. Mkimaliza Colosseum, tiketi ileile inawaingiza Foro Romano na Palatino mara moja tu, kwa hiyo kuleni na mwende msalani kabla ya kuingia upande huo.

Dominika mwende Misa mahali mtakapochagua, kisha saa tano muwe mmeshapita ukaguzi wa Uwanja wa Mtakatifu Petro. Saa sita kamili Papa husali Malaika wa Bwana kutoka dirishani, na wote wanakaribishwa bila karatasi yoyote.

Ukipata jibu la kiongozi wa msafara kuhusu Makumbusho, niandikie kabla ya tarehe 31 Agosti. Kama yamo kwenye ratiba yenu, Ijumaa tutaihamishia Colosseum, ile 1 Oktoba itageuka kuwa 30 Septemba, na Jumamosi nina mahali pengine ningependa muone.